Majiko ya Kitalu F

Kawe, 11 Februari 2024

Shikamoo Shangazi Atuganile,

Nisamehe sana kwa kuchelewa kuandika. Barua yako ya Krismasi niliipata pamoja na yale maharage. Maharage yakaliwa yakaisha, barua bado iko chini ya mto inanitazama. Kila nikishika kalamu Jonas anataka kunyonya, nikimaliza kumnyonyesha Atu kamwaga kitu, nikimaliza kufuta nimeshasahau nilitaka kusema nini. Ningekupigia, lakini wewe na simu mnajuana. Mara ya mwisho ulipokea ukapiga kelele "SEKELA, MAZIWA YANATOKA?" na ulikuwa umekaa dukani kwa mtu. Bora barua niiweke kwenye kifurushi nimpe konda wa basi. Konda hata akiisoma atanyamaza.

Sie hatujambo. Jonas ameota meno mawili, ananing'ata makusudi na akishaning'ata anacheka, sijui roho hii kairithi wapi. Atu, somo yako, anajua kuandika herufi ya kwanza ya jina lake na ameiandika kwenye kila ukuta. Nitapaka rangi. Elibariki yuko mbali kikazi, anakusalimia. Baba mdogo Stanley na watu wote wa hapo nyumbani wasalimie sana.

Sasa ishu yenyewe. Jumatatu nimeamka nakuta karatasi imebandikwa getini, imevalishwa nailoni isilowe, watu wamejipanga. Inasema kiwanja hiki kimepimwa kwa makazi ya familia moja, na kwamba tunakiuka masharti kwa kuweka familia zaidi ya moja, kuchonga magogo, kukaanga maandazi getini na kufuga kuku wanaovuka barabara bila adabu. Hilo la adabu nimeongeza mie, lakini ndiyo maana yake. Mwisho inasema tusipojirekebisha wataita watu wa mipango miji, na nyumba inaweza kufungwa.

Aliyebandika ni Mzee Polikarpo, yule wa ghorofa jeupe linalotazama uani kwetu. Tangu ustaafu ukarudi Tukuyu amekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi wa Kitalu F. Nikamfuata palepale, beseni la unga mkononi.

"Shikamoo Mzee. Hii karatasi ni ya kwangu?"

"Marhaba. Mama Atu, mtaa huu si wa kupangisha. Ni wa kuishi."

"Kwani mie hapa nafanya nini Mzee, nakufa?"

Akasema nisimjibu kama watu wa sokoni. Nikamwambia basi asibandike matangazo kama watu wa sokoni. Hapo nilikosea, najua, usiniandikie kuhusu hilo.

Shangazi, uliponikabidhi nyumba ulisema nikae na familia yangu, na hili la wapangaji sikukuambia vizuri. Ni wachache tu, watu wa heshima. Kule uani yupo Fransis, anachonga vinyago, na mkewe Mauwa, watu wa Newala. Na yupo Mwalimu Gozbert wa Bukoba, kapera, anafundisha uraia sekondari. Yeye yupo hapahapa.

Naomba uniambie hati inasemaje, kwa maneno yake yenyewe. Nyumba hii ikifungwa, mie na hawa watoto hatuna pengine pa kwenda. Si vitisho, nakuambia ilivyo.

Wako,
Sekela


Tukuyu, 3 Machi 2024

Kwa Sekela,

YAH: MAGOGO, MAANDAZI NA KUKU

1. Marhaba.

2. Afya yangu ni nzuri. Magoti yanauma, lakini haya magoti sikuyachagua, niliachiwa na marehemu mama.

3. Stanley hajambo. Mwanawe Anselmo ameoa. Bibi harusi ni mrefu na ana vyombo vingi. Wanaishi hapahapa nyumbani. Sina la zaidi kuhusu hilo.

4. Mvua zinanyesha vizuri. Viazi vimekubali.

5. Hati inasema: "nyumba moja ya kuishi familia moja." Nilisaini mwenyewe, kalamu ya wino, nikiwa msichana wa masijala mwenye gauni la kuazima. Sikusaini karakana. Sikusaini bweni. Maandazi hayakutajwa kabisa, na kwa serikali kisichotajwa hakimaanishi kimeruhusiwa. Nimepanga mafaili ya watu waliodhani hivyo.

6. Kwa hiyo wapangaji watoke. Wape muda wa kiungwana na watoke. Polikarpo namfahamu, ni mtu wa kero, alikuwa akirudisha mialiko ya harusi yenye makosa ya tarehe. Lakini katika hili karatasi iko upande wake.

7. Chumba changu cha mbele kiko salama? Kitanda, kabati, pazia la maua? Sijasema ninakihitaji. Nauliza.

8. "Mbali kikazi" ni wapi? Mbali ni neno pana sana, Sekela. Hata mimi niko mbali na sijaacha kuandika.

Naona namba zimenichosha. Mwambie somo yangu aandike ukutani herufi zote zilizobaki, akimaliza ndipo upake rangi mara moja, usiharibu rangi mara mbili mbili. Na wewe kula. Mwanamke anayenyonyesha anakula kwanza, wengine wanasubiri, hilo halina hati.

Nimekuwekea viazi na majani ya chai.

Atuganile


Kawe, 7 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo na magoti yako,

Viazi vimefika, vingine vimepondeka, tumekula hivyohivyo. Jonas ana meno manne sasa. Hapa mvua inapiga, mtaro umejaa, kuku wamehamia barazani na wanatutazama kama sie ndio wageni.

Ngoja niseme yote kwa pumzi moja nisije nikarudi nyuma. Elibariki yuko Mbagala. Kikazi ni kweli, kazi yenyewe inaitwa Recho na ina saluni. Aliondoka Jonas akiwa bado tumboni, akasema anaenda dukani kununua betri za rimoti. Nadhani bado anachagua. Ndiyo habari ya wapangaji hiyo, sihitaji kukuchorea ramani. Na chumba chako cha mbele analala Mwalimu Gozbert. Kabati nimelifunga, ufunguo ninao mie. Pazia la maua lipo, analisifiaga.

Haya, umeshakasirika, sasa nisikilize.

Wapangaji sitawatoa. Nasema kwa adabu lakini nasema. Siku uchungu uliponianza Mauwa ndiye aliyenishika mgongo mpaka hospitali, na Mwalimu Gozbert alitoka bafuni kukimbilia bajaji akiwa na taulo tu, mtaa mzima ukamwona, mpaka leo wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Taulo. Fransis ndiye anamlaza Atu nikiwa nimeshikwa na mdogo wake. Siwezi kuwaambia watu hao tokeni kwa kuwa karatasi imesema.

Wiki iliyopita Polikarpo aliita kikao cha Umoja, sebuleni kwake, viatu mlangoni. Nilienda na Jonas mgongoni. Watu wamekaa kimya kama msibani, soda moja moja. Nikanyoosha mkono.

"Mzee Mwenyekiti, samahani. Hiyo familia moja, maana yake ni nini? Nataka nielewe niirekebishe."

Akafurahi kuulizwa. Akavaa miwani. "Familia moja ni watu wanaopika pamoja na kula pamoja. Jiko moja, familia moja. Sasa mimi nimesimama kwenye roshani yangu nikatazama. Kwako, Mama Atu, moshi unatoka sehemu tatu."

"Unasimama roshani unahesabu moshi wangu?"

"Nahesabu kwa niaba ya mtaa."

Mkewe, Mama Audax, alikuwa anagawa soda. Akacheka puani, akaelekea jikoni. Polikarpo akamwandikisha mjumbe mmoja palepale malalamiko ya kwenda mipango miji: majiko matatu, kwa hiyo familia tatu. Akayasoma kwa sauti. Akagonga muhuri. Ana muhuri, Shangazi. Wa mtaa!

Nikarudi nyumbani nikawaita wote barazani. Nikawaambia, kuanzia kesho hapa kuna jiko moja, langu. La Mauwa linaingia stoo, la Mwalimu pia.

Mauwa akashika kiuno. "Na nani anapika?"

"Kwa zamu."

"Nyie watu wa Mbeya hamtiagi nazi. Mie sili maharage makavu kama namtumikia mtu kifungo."

Fransis akasema yeye anakula chochote ilimradi kisiwe kimepikwa na Mwalimu. Mwalimu Gozbert akaulizia ndizi. Tukamwambia aulizie siku nyingine. Kisha akanyoosha kidole kama yuko darasani: "Lakini Mama Atu, afisa akiniuliza, mimi nitasema ni mpangaji. Ninafundisha uraia. Sitadanganya."

Nikamwambia sijamwomba adanganye. Nimemwomba ale.

Nijibu haraka Shangazi. Hata kama ni matusi.

Sekela


Kawe, 26 Mei 2024

Shikamoo Shangazi,

Kimya chako kimenitisha. Nimeenda stendi ya Mbezi mara mbili kumuulizia konda, anasema kifurushi alikiacha kwa Stanley, kikapokelewa na mtu mrefu. Kama umekasirika kaa umekasirika lakini andika. Kama unaumwa mtu akuandikie. Watoto wazima. Atu anauliza shangazi mwenye barua za namba yuko wapi.

Mvua zimepungua. Na wamekuja.

Alikuja dada mmoja wa mipango miji, raba za kijani, hatabasamu ovyo. Nyuma yake Polikarpo na faili. Ilikuwa saa ya kula mchana, siku ya makande, zamu ya Mauwa, nazi zimekunwa mbili. Sufuria liko katikati ya baraza, wote tumelizunguka.

"Hodi. Mnapika wapi hapa?"

"Hapa," nikasema.

"Na kule uani?"

"Kule tunafua."

Akaenda kuangalia. Mafiga ya Mauwa yaliyobaki uani, kuku ameshatagia katikati. Akarudi.

"Huyu ni nani wako?"

Mauwa hakusubiri. "Mie wifi yake!" Na Fransis wakati huohuo kwa upande wake: "Mie binamu yake." Ukikaa ukaitafakari inawezekana, lakini dada wa watu hakukaa. Akamgeukia Mwalimu.

"Na wewe?"

"Mimi ni mpangaji," akasema Mwalimu Gozbert, mgongo umenyooka. Nikatamani sufuria linimeze. Polikarpo akafungua faili kama anayefungua zawadi.

"Mpangaji. Unapika wapi?"

"Sipiki. Nakula hapa."

"Unalipia chakula?"

"Namenya vitunguu. Na ninasemwa."

"Ukiumwa?"

"Wananipa uji. Halafu wananisema tena."

Yule dada akamtazama, akashika kalamu. Kisha akaandika. "Jiko moja," akasema.

"Huu ni mchezo wa kuigiza!" Polikarpo akapandisha. "Wiki sita zilizopita yalikuwa matatu, nimeyahesabu mwenyewe kutoka roshani!"

"Mzee, leo ni moja. Malalamiko uliyoleta na muhuri wako yanasema jiko moja ni familia moja, na ndicho nilichotumwa kuhesabu. Ila siwezi kuhesabu nyumba moja nikaruka mtaa. Tuanzie kwako, tuko jirani."

Mie sikualikwa. Nilimfunga Jonas mgongoni nikafuata.

Geti lilifunguliwa na Mama Audax mwenyewe, na sijawahi kumwona mama yule ana furaha hivyo. "Karibu mwanangu. Jiko langu hili hapa. Jiko la mwanangu Audax na mkewe liko juu. Na jiko la huyu bwana liko chumba cha kusomea, nyuma ya vitabu, mtungi mdogo wa gesi, anachemsha mayai."

"Kwa nini Mzee anapika peke yake?" dada akauliza.

"Muulize."

Mzee akafunga faili lake. Mama Audax ndiye aliyesema. Mwaka juzi alikuwa anauza barafu za ubuyu hapo getini, kidogo tu, kwa watoto wanaotoka shule. Mumewe akamwandikia onyo, kwamba mtaa huu ni wa makazi. Akambandikia getini, geti lake mwenyewe. Basi mama akasema sawa, mie ni mkazi, si mpishi, na tangu siku hiyo kila mtu na sufuria lake.

Dada wa mipango miji akaandika. "Majiko matatu." Akafikiri. "Kwa maelezo yako mwenyewe Mzee, hapa zipo familia tatu."

Nilicheka, Shangazi. Nilijaribu kugeuza iwe kikohozi, haikugeuka. Polikarpo alinitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona mwenyekiti, niliona mzee anayechemsha mayai nyuma ya vitabu. Kicheko kikaishia hapo.

Sasa maamuzi. Sie tumepewa haya: maandazi yasikaangwe getini, nimekubali. Magogo yatoke, Fransis amehamishia kazi Mwenge na wenzake. Kuku wakae ndani. Na la mwisho ndilo linalonifanya niandike Jonas akilia. Mwenye hati ni Atuganile. Dada anarudi katikati ya Julai, na anataka kukukuta hapa, useme kwa mdomo wako kwamba hawa ni watu wako. Usipokuwepo, au ukisema si watu wako, ni nyumba iliyopangishwa kinyume cha hati na wote tunatoka. Na mie pia, kwa kuwa jina langu halipo popote.

Kuhusu sufuria moja, mwanzoni ilikuwa usanii, sikufichi. Sasa sijui. Juzi Mwalimu alichelewa kusahihisha mitihani, Atu akafunga mdomo hataki kula mpaka Taulo arudi. Tukasubiri wote, tunamsema.

Njoo Shangazi. Nakuomba uje.

Sekela


Tukuyu, 9 Juni 2024

Kwa Sekela,

YAH: KIMYA, NA MENGINEYO

1. Marhaba. Barua zako zote mbili nimezisoma siku moja. Zilikuwa chini ya gunia la mahindi. Aliyezipokea aliziweka hapo. Nimezipata upesi kiasi kwa sababu na mimi siku hizi nakaa karibu na magunia ya mahindi.

2. Nimebadilishiwa chumba kwa muda. Vyombo vya bibi harusi vilihitaji nafasi. Stoo ni kavu. Stanley ameahidi dirisha.

3. Betri za rimoti. Nimecheka peke yangu humu mpaka yule mrefu akaja kuchungulia kama nimepatwa na wazimu. Elibariki akirudi na hizo betri usimfungulie. Mwambie televisheni imeuzwa.

4. Sasa kazi. Nitakuja. Lakini nakuja kwa utaratibu ufuatao. Mwalimu wako atoke kitandani kwangu kabla sijapanda basi. Nitakaa chumba changu cha mbele, nitafunga mlango wangu, na nitapika chakula changu kwenye jiko langu la mchina, lile la mafuta ya taa, ambalo nakuja nalo. Sijawahi kula chakula cha zamu tangu bwenini. Siwezi kukaa barazani na watu nisiowajua kugombania makande.

5. Na kusema hao ni watu wangu, sitasema. Nilitumikia serikali mpaka kustaafu na sikuwahi kuweka sahihi kwenye uongo. Nitamwambia huyo afisa hao ni wapangaji, naye atawapa muda wa kuondoka. Wewe na watoto mtabaki. Ninyi ni damu yangu, hilo ni kweli na naweza kulisaini.

Usidhani sina huruma. Nimesoma hiyo habari ya taulo mara mbili.

Atuganile


Kawe, 23 Juni 2024

Shikamoo Shangazi wangu mpendwa,

Tunaendelea vizuri. Jonas anasimama akishika ukuta, anafuta herufi za dada yake kwa mate. Atu alitaka kukutumia kuku. Nimemwambia konda hakubali.

Nimesoma barua yako jikoni nikatoka nje nikakaa. Stanley ameahidi dirisha! Shangazi, mtu anayeahidiwa dirisha hajabadilishiwa chumba kwa muda. Sitasema zaidi, kwa kuwa wewe hukusema zaidi. Ila ujue nimeona.

Kwa hiyo njoo. Huko si kwako, hapa ni kwako, na hilo halihitaji afisa. Mwalimu Gozbert alihama kitandani kwako siku ileile niliposoma, sikumwambia, nilianza tu kusoma kwa sauti akainuka akaanza kukunja shuka. Sasa yuko kile chumba kidogo cha uani ambako Fransis alikuwa anaweka magogo. Godoro lako limeanikwa siku mbili. Pazia la maua limefuliwa, Mauwa amelipiga pasi, hakuna aliyemtuma.

Lakini hilo jiko lako la mchina halivuki geti hili.

Usinune kwanza. Mie nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, na ndiyo maana nakuambia mapema kabla hujabeba mzigo. Ukiwasha jiko lako chumbani, hapa panakuwa na majiko mawili. Polikarpo bado ana roshani na bado ana macho. Nyumba itavunjwa na jiko la mwenye hati. Halafu hata kama asingekuwepo Polikarpo, ningekukatalia. Sikutoi stoo ya Tukuyu nikakuweke stoo ya Kawe yenye pazia, ufunge mlango ule peke yako. Yule jirani yetu amefanya hivyo zaidi ya mwaka na ana ghorofa, na nimeona alivyo. Juzi nimemsikia anamwomba mkewe chumvi kupitia dirishani. Mama Audax amempa, ya kuhesabu, lakini amempa.

Na hao watu hawatoki. Ukija ukamwambia dada ni wapangaji, watoke, basi utuandike na sie watatu, tutafuatana nao. Nimeshazungumza na Mauwa, tutatafuta pa kujibana wote huko Segerea kwa dada yake. Sikutishii. Nimechoka mno kutisha mtu. Nakuambia tu mlango uko wapi na mie nitapitia upi, ili usije ukashangaa.

Lakini uongo sikuombi. Wala usisaini kitu. Dada anakuja tarehe kumi na tano Julai. Wewe njoo mwishoni mwa mwezi huu, ukae na sie hizo wiki mbili. Zamu yako ya kupika itakuwa Alhamisi, na ukipika watu watalalamika, ndiyo utaratibu. Fransis atakuchukua stendi, utamjua, ana kidole gumba kikubwa. Mwalimu ataomba umweleze mafaili ya serikali yalivyokuwa yanapangwa, mkubalie, hana mtu wa kumuuliza. Halafu siku hiyo ikifika, akikuuliza hawa ni nani wako, wewe mjibu vile utakavyokuwa umeona mwenyewe. Ukiona si watu wako, sema. Nitakuwa nimekaa pembeni yako na sitakukatiza.

Konda wa Ijumaa ndiye mzuri, mwambie akupe siti ya mbele unyooshe magoti. Mizigo mizito itangulie na basi la Jumatano, usibebe mwenyewe. Ninavyohitaji ni hivi:

Hati yenyewe, si kopi. Hiyo usiitume, uivae mwilini.

Mchele wa Kyela, kiroba kimoja. Uliopo umebaki wa uji wa Jonas.

Mkungu mmoja wa ndizi za kupika. Mwalimu anasema nje ya Bukoba hakuna ndizi, nataka aaibike mwenyewe kwa mdomo wake.

Majani ya chai, kama mwanzo.

Dawa yako ya kuchulia magoti, chupa mbili. Moja ya Mama Audax, ameiulizia.

Sweta la Jonas kama ulishamaliza kulifuma. Kama hujamaliza, lete na sindano utamalizia barazani.

Shuka zako na mto unaoulalia, hutalala vizuri kwenye wa mtu.

Na sahani yako moja, yoyote unayopenda kulia. Zilizopo zote zina wenyewe.

Mwanao,
Sekela